Muulize Fundi: Riakta ya kalisiamu inafanya kazi usiku na mchana, mbona alkaliniti haipandi?

SWALI

Shikamoo Fundi. Mie ni mtu wa Mombasa lakini naishi Minneapolis. Nina tangi la matumbawe sebuleni, ukijumlisha na tangi la chini maji ni lita 300, na mengi humo ni matumbawe magumu ya Acropora na Montipora. Nilikuwa nadozi kwa mkono, yaani natia mwenyewe kalisiamu na alkaliniti majini, alkaliniti (akiba ya kaboneti majini, inayopimwa kwa dKH) inashuka dKH 1 kila siku, nikachoka, nikanunua riakta ndogo ya kalisiamu, chombo cha kuyeyushia mawe ya matumbawe kwa gesi ya CO2, ile ya kuingia kabatini. Nimeifunga, mapovu ya gesi yanapita, maji yanatoka, lakini alkaliniti bado yashuka tu, leo ni 7, kalisiamu miligramu 400 kwa lita. Maji yanayotoka kwa riakta nimeyapima ni dKH 11, kasi yake mililita 25 kwa dakika, pH ndani ya chemba 7.0. Na pH ya tangi asubuhi naikuta 7.7 wakati kiangazi ilikuwa 8.1. Sasa niongeze gesi? Naogopa pH itaanguka zaidi. Halafu mamangu anakuja kunitembelea, je anaweza kuniletea vipande vya matumbawe makavu vya ufukweni nivitie humo, maana hapa mfuko mmoja wa mawe ya riakta bei yake imesimama?

JIBU

Marahaba ndugu yangu. Umeleta vipimo vyote na hapo umenirahisishia sana, barua nyingi za riakta huja na neno "haifanyi kazi" basi. Yako inafanya kazi ila haifikii mahitaji. Tupige hesabu. Maji ya riakta yana dKH 11, tangi lina 7, kwa hiyo kila lita inayorudi inaleta ziada ya 4 tu. Mililita 25 kwa dakika ni lita 36 kwa siku, zidisha kwa 4 ni 144, gawa kwa lita 300 za tangi, haifiki hata nusu dKH. Matumbawe yanakula moja, wewe unarudisha nusu, lazima ishuke.

Ndani ya chemba kinachofanyika mtu wa Pwani anakielewa haraka. Mifupa ya matumbawe ni kalisiamu kaboneti, ndo ileile wazee walichoma kwa moto wakapata chokaa ya kujengea nyumba za Lamu na Mji wa Kale. Kwenye riakta hakuna moto, kuna asidi hafifu: CO2 ikiingia kwenye maji inageuka asidi, asidi inayeyusha yale mawe, na yakiyeyuka yanatoa kalisiamu na baikaboneti kwa uwiano uleule ambao matumbawe hai yanautumia kujenga mifupa, yaani kila dKH 1 inakuja na miligramu kama 7 za kalisiamu kwa lita. Ndo maana mi naipenda hii mashine, haikuvurugii uwiano. Lakini kwa pH 7.0 aragonaiti, yaani aina ya kalisiamu kaboneti iliyo kwenye mawe hayo, inayeyuka kidogo mno, yenyewe inataka 6.5 hadi 6.7, na maji yako yanapita mbio kabla hayajapata nafasi ya kuyeyusha chochote cha maana.

Kwa hiyo kabla ya kugusa gesi punguza maji. Yashushe mpaka mililita 10 kwa dakika, na usiyakadirie kwa macho, chukua kikombe chenye alama na saa ya simu, dakika kumi zikupe mililita 100. Siku inayofuata ndo uongeze mapovu kidogo kidogo mpaka pH ya chemba ikae 6.6, uache siku nzima bila kugusa kitu, kesho yake upime maji yanayotoka. Yakikupa dKH 30 na tangi liko 8, kila lita inaleta ziada ya 22, kwa siku zinapita lita 14 na kidogo, jumla inagusa 317, gawa kwa 300 unapata dKH 1 na chenji kidogo. Hapo umefika. Ukibadilisha maji na gesi siku moja hutajua kilichosaidia ni kipi, na tabia hii naiona kwa wengi, mtu anazungusha vali asubuhi, mchana anaizungusha tena, mwisho wa wiki amechanganyikiwa. Pima alkaliniti kila siku saa ileile, kalisiamu mara moja kwa wiki inatosha, magnesiamu mara moja kwa mwezi ikae kati ya miligramu 1250 na 1350 kwa lita.

Hiyo 7 kuifikisha 8 usiiachie riakta. Riakta kazi yake ni kushikilia pale ulipo, kupandisha pandisha kwa mkono. Kwa lita 300, gramu 9 hivi za beking soda iliyoyeyushwa kwenye maji safi inapandisha dKH 1, mimina polepole pale maji yanapoenda kasi, na usizidishe dKH 1 kwa siku.

Sasa hofu yako ya pH. Ni kweli riakta inashusha, maji yake yanarudi na CO2 ambayo haijatumika, hilo halikwepeki. Ila mi nadhani mchango mkubwa kwako ni nyumba. Umesema kiangazi ilikuwa 8.1, sasa ni baridi ya Minnesota, madirisha yamefungwa, watu wanapumua humo, jiko linawaka, na hewa ya ndani inaweza kupita 1000 ppm (sehemu kwa milioni) ya CO2 wakati nje ni kama 420. Jaribu hivi: chota kikombe cha maji ya tangi, peleka karibu na dirisha lililofunguliwa kidogo, tia pampu ndogo ya hewa ipulize hewa ya nje kwa saa moja, pima pH. Ikipanda mpaka 8.1 au zaidi basi maji yako yamejaa CO2 na dawa ni hewa: toa mpira wa hewa wa skima (kile kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu) upitie dirishani uvute ya nje, na maji ya riakta yadondoshee pale skima inaponyonya ili gesi itoke kabla haijafika kwa matumbawe. Mwani kwenye tangi la chini ukiuwashia taa usiku nao unasaidia. Ila 7.7 ya alfajiri matumbawe hayafi, alkaliniti inayopanda na kushuka ndo inayochoma ncha za Acropora.

Kwa riakta ndogo jambo ninalokuomba sana ulitazame ni ule mpira mwembamba wa kutolea maji. Unaziba kwa utelezi, matone yanapungua bila wewe kujua, gesi inaendelea kuingia, pH ya chemba inashuka chini ya 6.2 na mawe yote yanageuka uji. Usafishe kila wiki, na kama mfuko unaruhusu nunua kidhibiti cha pH kinachofunga vali ya gesi ikishuka sana. Mtungi wenyewe usimame wima na ufungwe mnyororo, ukilala gesi ikiwa bado kimiminika inaingia kwenye reguleta, na maungio yote yapake povu la sabuni kama unavyopima mtungi wa jikoni. Usisubiri geji ikuambie gesi inaisha, pale ndani ni CO2 ya kimiminika na ya gesi pamoja, presha inakaa palepale mpaka tone la mwisho halafu inaanguka ghafla, afadhali uupime kwa mizani.

Kuhusu mama, tafadhali mwambie asibebe. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hata mifupa mikavu, kwa hiyo bila vibali unaweza kumtia mzazi matatani uwanja wa ndege kwa sababu ya kifuko cha mawe. Isitoshe, vya ufukweni huwezi kujua vimebeba fosfeti, chumvi inayolisha mwani, kiasi gani, na ikiyeyuka inaishia kwenye tangi lako. Nunua aragonaiti ya dukani, chukua chembe kubwa za ukubwa wa punje ya mahindi maana zile ndogo zinashikana na kuzuia maji kupita, zisuuze mpaka maji yatoke safi, unga wake usije ukaingia kwenye pampu.