Maswali ya Wasomaji: Giaboksi Nimeipata, Je, Niinunue?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki Toyota Mark II ya mwaka 1994 yenye injini ya 1JZ-GTE na giaboksi ya otomatiki, ambayo sasa inachelewa kushika gia na inateleza ikipata moto. Badala ya kuifufua, nimeamua kuweka ya manyua. Muuzaji mmoja anayo giaboksi ya R154 iliyotolewa kwenye Toyota Supra, lakini ni giaboksi peke yake, bila kitu kingine. Je, niichukue kabla hajaiuza kwa mwingine, kisha vipuri vilivyobaki nivitafute polepole?

JIBU: Ndugu msomaji, usitoe fedha kwanza. Chaguo lako la giaboksi ni sahihi, kwa kuwa R154 ya gia tano ndiyo iliyofungwa kiwandani katika Mark II, Chaser na Cresta za manyua zenye injini kama yako. Hata hivyo, R154 ilifungwa pia kwenye Supra zenye injini ya 7M-GTE, na jumba la klachi la hizo, yaani kile kipande chenye umbo la kengele kinachounganisha giaboksi na injini, halikai kwenye 1JZ. Muulize muuzaji ilitoka kwenye Supra ya injini gani. Akishindwa kujibu, mwombe picha za jumba hilo uzilinganishe na la 1JZ. Jumba huweza kubadilishwa, lakini hicho tayari ni kipuri kingine cha kutafuta.

Hapo ndipo hesabu ya wengi inapoharibika. Giaboksi ni kubwa, inaonekana, na kila muuzaji anajua thamani yake. Vinavyolaza gari gereji kwa miezi ni vile vidogo ambavyo hakuna aliyeona haja ya kuviweka akiba. Pedeli ya klachi na kikalio chake, pedeli nyembamba ya breki, masta ya klachi na silinda ya chini, uma wa klachi (ule mkono unaoiachisha klachi), daraja la kushikilia giaboksi pamoja na mauntingi yake, fremu ya mpini wa gia, na propela shafti yenye urefu na meno yanayoingia kwenye giaboksi mpya, vyote hivyo hupatikana kwa urahisi mahali pamoja tu: kwenye gari la manyua la bodi kama yako linalokatwa ili kuuzwa vipuri. Kwa maoni yangu, ni heri kulipia seti nzima kutoka gari moja, hata kama bei yake inauma, kuliko kuokota vipande kwa wauzaji watano na kugundua wakati wa kufunga kwamba klachi ni ya kuvutwa ilhali uma ni wa kusukuma. Ukilipata gari hilo, soma kibati chake cha utambulisho kwenye chumba cha injini, penye mstari wa giaboksi na ekseli, ulinganishe na cha kwako, kwa sababu uwiano wa gia za difu, yaani zile za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu magurudumuni, huweza kutofautiana kati ya otomatiki na manyua.

Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi hukaa juu yake, hata ikiwa imetumika inafaa ikichongwa upya, lakini boliti zake zisiwe zile za sahani nyembamba inayokaa mahali pake kwenye otomatiki, kwa kuwa hizo ni fupi. Vinunue vikiwa vipya sahani ya klachi, presha pleti, beringi ya klachi, sili ya nyuma ya injini, na ile beringi ndogo inayokaa kwenye ncha ya krankishafti, ambayo injini ya otomatiki kwa kawaida haina. Beringi hiyo hutoshea kiganjani, na aliyeisahau hulazimika kushusha giaboksi nzima tena.

Upande wa umeme, swichi inayozuia gari la otomatiki kuwaka likiwa kwenye gia itaondoka pamoja na giaboksi. Mafundi wengi huunganisha waya zake moja kwa moja. Mimi ningependelea zipitie swichi ya pedeli ya klachi, ili gari lisiruke mbele mtu anapoliwasha likiwa kwenye gia. Taa za kurudi nyuma nazo zitahitaji kuunganishwa na swichi ya giaboksi mpya. Kompyuta ya otomatiki huiendesha giaboksi pia, kwa hiyo ikiikosa huweza kuwasha taa ya onyo. Kompyuta ya gari la manyua ndiyo dawa, nayo iombe katika seti ileile.

Ukifika kwa muuzaji, zungusha shafti ya mbele kwa mkono huku ukiingiza kila gia, ukisikiliza mkwaruzo na kupima kama shafti inacheza kupita kiasi. Kisha omba afungue kizibo cha oili. Unga mwembamba kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida, lakini ukikuta vipande vya meno, au oili inayometameta kwa shaba ya sinkronaiza (vile viringi vinavyosaidia gia kuingia bila mkwaruzo), iache giaboksi hiyo hapohapo, hata akikupunguzia nusu ya bei.