Picha ya Mkulima na Maksai Wake

SWALI: Ndugu Mhariri, ninapiga picha za wakulima wa Nzega na maksai wao, lakini uso wa mtu hutoka mweusi, na ng'ombe hushtuka nikikaribia. Nifanyeje?
Msomaji, Tabora

JIBU: Ndugu msomaji, inaelekea unapiga picha jua likiwa utosini, ambapo kofia huufunika uso kwa kivuli; nenda alfajiri, wakati nira inafungwa, ukapime mwanga kwenye shavu la mkulima wala si angani. Ng'ombe, ambaye macho yake yako pembeni mwa kichwa, huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, kwa hiyo usimjie kutoka huko. Mwache mkulima amshike, nawe uchuchumae. Omba ruhusa kwanza, na (wengi hulisahau hili) uandike jina la maksai pia.