Maswali na majibu: mabaka kwenye Spitfire ndogo

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kuhusu rangi za mabaka, zile za kuifanya ndege isionekane kwa urahisi, kwenye modeli za ndege za Vita vya Pili vya Dunia. Wengi wenu mnaunda Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, na wachache Messerschmitt Bf 109 ya Ujerumani, basi nitajibu kwa kutumia ndege hizo.

Mabaka ya Spitfire nichore ninavyopenda, au yana mpangilio? (Msomaji, Arusha)

Yana mpangilio, tena mkali. Wizara ya Anga ya Uingereza ilitoa michoro na viwanda viliifuata. Kulikuwa na mchoro A na mchoro B, ambao ni ule ule uliogeuzwa kushoto kulia. Hadi mwanzoni mwa 1941 utaratibu ulikuwa ndege yenye namba shufwa ipate A na yenye namba witiri ipate B. Kwa hiyo tafuta kwanza picha ya ndege unayoiunda, usome namba yake ubavuni karibu na mkia, kisha uchore mipaka kwa penseli bila kukandamiza. Ukichora kwa kukisia, ndege itafanana na ng'ombe wa madoa, na mtu aliyewahi kuitazama Spitfire atalijua kosa hata kama hawezi kulitaja.

Picha moja ina kijani na kahawia, nyingine kijani na kijivu. Ipi ni sahihi? (Msomaji, Nairobi)

Zote. Tazama mwaka. Spitfire zilizopigana juu ya Uingereza katika kiangazi cha 1940 zilikuwa na kijani na kahawia juu, na chini rangi hafifu ya kijani iliyopauka, ile inayoandikwa Sky kwenye kopo. Kuanzia Agosti 1941 kahawia iliondolewa ikaja kijivu, kwa sababu mapigano yalikuwa yamehamia upande wa bahari na Ufaransa, na tumbo nalo likawa kijivu.

Nifanyeje mpaka wa rangi mbili uwe laini kidogo, usiwe kama umekatwa kwa wembe? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo modeli nyingi nzuri huharibika. Anza na hesabu. Tuseme ukungu wa rangi, yaani ukanda ambapo rangi moja inafifia kuingia nyingine, kwenye ndege halisi ulikuwa na upana wa sentimita 2.5. Kwa modeli ya skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, gawa kwa 72: unapata milimita 0.35. Kwenye skeli ya 1/48 ni milimita 0.5 hivi. Mpaka wenye ukungu wa milimita 3, ambao naona watu wakiusifia, ukiwa kwenye modeli ya 1/72 ungekuwa zaidi ya sentimita 20 kwenye ndege yenyewe. Hakuna mchoro wa kiwanda uliotaka hivyo.

Njia ninayoiamini ni hii. Puliza kahawia kwanza, iache ikauke vizuri. Chukua ule udongo laini wa kubandikia karatasi ukutani, uuviringishe uwe kamba nyembamba ya milimita 2 au 3, uilaze juu ya mstari wa penseli. Sehemu itakayobaki kahawia ifunike kwa tepu ya karatasi hadi kwenye kamba. Sasa puliza kijani, erobrashi (kifaa cha kupulizia rangi kwa hewa) ikiwa imesimama wima juu ya bawa. Wima huo ndio siri yake: ukiinamisha mkono, rangi inaingia chini ya kamba na ukungu unapanuka. Rangi iwe nyepesi kama maziwa, presha ya hewa iwe karibu psi 15 (kipimo kilicho kwenye geji ya kompresa, mashine ya kusukuma hewa), na upulize matabaka membamba.

Sina erobrashi wala kompresa. Niache? (Msomaji, Mwanza)

Usiache. Rudi kwenye hesabu ya hapo juu: milimita 0.35 inakaribia kuwa mstari tu. Kwenye 1/72, mpaka safi wa brashi uko karibu na ukweli kuliko ukungu mnene wa erobrashi. Tumia brashi pana yenye nywele laini, zimua rangi, paka tabaka mbili au tatu, na usirudi juu ya rangi iliyoanza kushika.

Madoadoa ya ubavuni mwa Bf 109 yananishinda, yanatoka makubwa. (Msomaji, Kampala)

Zimua zaidi, punguza presha, sogeza pua ya erobrashi hadi sentimita 1 au 2 kutoka kwenye plastiki, na ujaribu kwanza kwenye kipande kibovu. Hapa huhitaji mchoro mkali: mara nyingi madoa hayo yalipulizwa kwa mkono, na ndege mbili za kikosi kimoja zingeweza kutofautiana. Fuata picha.

Nimepuliza vanishi isiyong'aa, ndege yote ikageuka nyeupe. (Msomaji, Mombasa)

Pole sana, hasa baada ya kazi yote ile. Mara nyingi ni unyevu wa pwani: vanishi ya lakka inapokauka haraka hupoza uso, na unyevu wa hewani ukanaswa ndani ya tabaka. Au hukuikoroga, ule unga unaotulia chini ya chupa ukatoka kwa mafungu. Usikimbilie kuikwangua. Pitisha tabaka jembamba la vanishi inayong'aa. Mara nyingi weupe huondoka. Kisha rudia isiyong'aa, safari hii mchana wa jua, hewa ikiwa kavu kidogo, wala si usiku au mara baada ya mvua.