Maswali ya Wasomaji: Ukungu Unaoua Fukusi na Buibui

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mkulima wa migomba hapa Masaka, Uganda. Mara mbili msimu huu, nilipofunua vipande vya mgomba ninavyotegea fukusi, nilikuta kayovu, yaani fukusi wa migomba, waliokufa wakiwa wamefunikwa na kitu cheupe kama unga wa muhogo. Juzi mwanangu aliniletea kutoka msituni buibui aliyekauka chini ya jani, mwili wake umechomoza vijiti vyembamba vya rangi ya maziwa. Je, huu ni ukungu mmoja? Unaweza kutuambukiza? Na ni kweli kwamba ukungu wa namna hii ni dawa?
Msomaji, Masaka

JIBU: Ndugu Msomaji, kwa jinsi ulivyoeleza, uliyoyaona ni mambo mawili ya ukoo mmoja. Unga mweupe juu ya kayovu yaelekea ni kuvu iitwayo Beauveria bassiana, ambayo hushambulia wadudu wa aina nyingi sana. Ile ya buibui yaelekea ni Gibellula, ambayo huwavamia buibui peke yao. Kuvu zinazoua wadudu na buibui zilizokwisha kuelezwa na wanasayansi ni zaidi ya spishi 700, na mpya zinaendelea kupatikana hata katika nchi zilizochunguzwa kwa muda mrefu: mwaka 2025 ilitangazwa Gibellula attenboroughii, iliyoonekana kwanza juu ya buibui katika ghala kuukuu la baruti huko Ireland ya Kaskazini. Sioni sababu ya kudhani kwamba misitu yetu, yenye joto na unyevu wa mwaka mzima, ina chache kuliko huko.

Watu wengi hudhani kwamba mdudu hufa kwanza kisha ukungu ukamwotea, kama unavyoota juu ya mkate uliolala. Hapa mambo ni kinyume chake, na aliyelithibitisha jambo hilo ni Mtaliano Agostino Bassi, ambaye mwaka 1835 alionyesha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwaua viwavi wa hariri na kuwaacha weupe kama chokaa uliletwa na kuvu hai. Jina bassiana ni la kumheshimu yeye. Mbegu ya kuvu, ndogo isiyoonekana kwa macho, hunata juu ya gamba la mdudu, huota, kisha hupenya kwa kusukuma na kwa vimeng'enya vinavyoyeyusha mafuta, protini na kitini, ile dutu ngumu inayolijenga gamba hilo. Ikishaingia, huzaana ndani ya damu na kumwaga sumu kama boverisini. Mdudu akishakufa, kuvu hutengeneza rangi nyekundu iitwayo oosporeini, ambayo huwazuia bakteria wasiuozeshe mzoga kabla yenyewe haijamaliza kula. Ndiyo maana fukusi wanaokufa hivi huwa wakavu na wagumu, hawaozi.

Kemia hiyo ndiyo inayonivutia kuliko yote, na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu dawa. Kuvu iitwayo Cordyceps militaris, inayoua mabuu ya nondo, hutengeneza kodisepini, kemikali inayofanana sana na adenosini, mojawapo ya matofali ambayo kila seli hujengea ujumbe wake wa urithi, isipokuwa imepungukiwa oksijeni mahali pale ambapo tofali linalofuata lingeshikamana, kwa hiyo ujenzi hukatika. Kuvu hiyohiyo hutengeneza pia pentostatini, inayoilinda kodisepini isivunjwevunjwe na vimeng'enya, na pentostatini ni dawa inayotumika hospitalini kutibu aina moja ya saratani ya damu. Siklosporini, dawa inayouzuia mwili wa mgonjwa usiikatae figo ya mtu mwingine, ilipatikana katika kuvu iliyotolewa kwenye udongo wa Norwei, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1983. Mwaka 1996 tu ndipo ilipobainika kwamba kuvu hiyo, katika hatua nyingine ya maisha yake, huota juu ya mabuu ya mbawakawa. Nayo fingolimodi, kidonge cha kwanza cha ugonjwa wa neva uitwao multipo sklerosisi, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2010, kilibuniwa kwa kuiga kemikali ya kuvu inayoota juu ya nyenje.

Hata hivyo nakusihi usimmeze kayovu huyo wala kumchemshia mtu yeyote. Dawa nilizozitaja zilisafishwa, zikapimwa na kuwekewa kipimo kwa miaka mingi, na kuvu yako si hizo.

Kuhusu kuambukizwa, nyingi ya kuvu hizi hushindwa kukua vizuri katika joto la mwili wetu, na visa vya Beauveria kumdhuru mtu ni nadra sana, hasa kwa wenye kinga dhaifu au jicho lililojeruhiwa. Kunawa mikono kunatosha, na mwenye pumu asivute vumbi lake. Anayefuga viwavi wa hariri ndiye anayepaswa kuiogopa.

Kwa shamba lako ni rafiki. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Kawanda, hapa Uganda, wameijaribu Beauveria dhidi ya kayovu, wakiiotesha juu ya mahindi yaliyovunjwa kisha kuiweka chini ya migomba. Kwa hiyo usiwachome fukusi weupe. Warudishe kivulini, kwenye unyevu, karibu na shina, ambako wenzao watapita na kujipaka mbegu zake.

Buibui wa mwanao nampenda zaidi. Mpige picha akiwa bado juu ya jani, andika mahali na tarehe, kisha mkaushe ndani ya bahasha ya karatasi na kumpeleka kwa wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Makerere. Usimtie katika mfuko wa plastiki, kwa kuwa jasho la mfuko litaotesha ukungu wa kawaida juu yake, na vile vijiti vya rangi ya maziwa havitatambulika tena.