Wiki darasani: toa alama kwenye historia ya ukurasa

Walimu wenzangu wakisikia neno wiki, mawazo yao hukimbilia Wikipedia, kisha wanafunzi wanaonakili. Sawa, wananakili, nitafika huko. Wiki ninayoisemea hapa ni ya darasa lenyewe: kurasa ambazo kila mwanafunzi anaweza kuzihariri na kuona nani alibadilisha nini. Wala huhitaji intaneti. Mimi natumia DokuWiki, programu ya bure isiyodai hifadhidata. Naiweka kwenye kompyuta moja ya maabara, nyingine zinaifikia kwa mtandao wa ndani.

Kikwazo kikubwa ni adabu. Mwanafunzi wa kidato cha pili hathubutu kugusa sentensi ya mwenzake, hasa kama mwenzake ndiye anayeongoza darasani. Anaandika aya yake chini, anaondoka. Matokeo yake unapata ukurasa wenye aya sita zisizosalimiana. Kilichosaidia kwangu ni kutoa alama kwa kusoma historia ya ukurasa. Anayerekebisha kazi ya mwenzake na kueleza sababu kwenye muhtasari wa mabadiliko anapata alama kamili. Aliyebandika aya yake tu, nusu.

Kundi moja lilipewa Mto Pangani. Sentensi ya kwanza ilisema mto huo unaanzia Kilimanjaro. Binti mmoja aliyekulia Arusha akaongeza "na Mlima Meru". Punde Meru ikafutwa. Ikarudi. Ikafutwa tena. Nikawafungulia ukurasa wa pembeni wa kubishania, nikapiga marufuku kugusa sentensi ile mpaka mtu alete ramani. Wakaleta atlasi. Kumbe Pangani inaundwa na mito miwili. Kikuletwa inakusanya maji ya Meru na ya miteremko ya Kilimanjaro. Ruvu inatoka upande wa Kilimanjaro na Ziwa Jipe. Zinakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Sentensi iliyogombaniwa ikazaa aya nzima. Ningewaandikia ubaoni, wangeinukuu na kuisahau kabla ya kengele.

Kila mmoja awe na jina lake la kuingilia. Kundi likichangia jina moja, historia haikuambii kitu. Gawa pia mada katika kurasa fupi, maana DokuWiki huufunga ukurasa mtu anapouhariri, kwa kawaida hadi dakika 15, na wengine wakikaa bure wataanza kupiga soga.

Na wanaonakili? Historia huwaumbua yenyewe: aya ndefu imetua kwa mkupuo mmoja, haina kosa hata la herufi. Sigombi. Namwambia aiandike upya kwa maneno yake, palepale, chini ya jina lilelile.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, iwe hatua ya pili. Makala nyingi kule zina ilani kwamba "bado ni mbegu", na kuzikuza ni zoezi zuri kwa kidato cha tatu na kuendelea. Ila kule maelezo yanadaiwa vyanzo, na wahariri wasiowajua wanafunzi wako hawatawabembeleza. Wafike wakiwa wameshazoea kukatwa sentensi.

Kabla ya kufunga maabara, nakili folda za "data" na "conf" kwenye flashi. Ya kwanza ina kurasa pamoja na historia yake, ya pili ina majina ya watumiaji. Umeme ukiua kompyuta ile, kesho unaendelea kwenye nyingine.