Kabla Hujanukuu, Soma Aya Inayofuata

Kila inapokaribia tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999, simu zetu hujaa picha zake, akiwa na kofia yake au kifimbo chake, na chini ya picha maneno machache ya hekima ambayo mtumaji hakujishughulisha kueleza yalisemwa lini, wapi na mbele ya nani. Nimefundisha somo la uraia kwa miaka mingi, na daftari langu la nukuu limenisaidia darasani, katika vikao vya ukoo na hata katika kupanga matumizi ya nyumbani. Kwa anayetaka kuanza daftari lake, ushauri wangu ni kwamba asiitumie nukuu ya mwanasiasa mpaka awe amesoma au amesikiliza kilichofuata, kwa sababu mara nyingi maneno yanayovuma ni yale yasiyomgharimu mtu chochote, na yale yenye gharama yamebaki katika aya inayofuata.

Chukua Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Watanzania wengi, hata wasiowahi kulishika mkononi, watakutajia kwamba ili tuendelee tunahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Orodha hiyo hupendwa sana vikaoni, na nadhani sababu ni kwamba haimgusi yeyote aliyeketi hapo. Watu tupo, ardhi ipo, na uongozi bora ni deni la wakubwa. Lakini Azimio hilo hilo, linapofika kwenye suala la juhudi, linaanza kuhesabu saa za kazi. Linaeleza kwamba mfanyakazi wa mshahara hufanya kazi saa saba na nusu au nane kwa siku, kisha linageukia vijijini na kusema bila kumung'unya maneno kwamba wanawake wa huko hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, pengine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, ilhali wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Baadhi ya wanawake wa mijini nao wametiwa katika lawama hiyo ya likizo, na sisemi kwamba walionewa.

Niliwahi kushuhudia nguvu ya aya hiyo katika kikao cha ukoo wetu, tulipokutana kuzungumzia shamba la marehemu babu. Baba mdogo, ambaye ni msemaji hodari, alifungua kikao kwa vile vitu vinne na akakaa muda mrefu kwenye uongozi bora, akimaanisha bila kutaja kwamba kiongozi wa shamba hilo awe yeye. Alipomaliza niliomba ruhusa ya kuongezea kidogo kutoka kitabu hicho hicho alichokinukuu, nikasoma habari ya saa 14 na habari ya likizo. Wanaume walicheka, tena kwa sauti, lakini shangazi, ambaye muda wote alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele, alinyanyua uso akasema, "Hapo, mwanangu, hebu parudie." Nilirudia. Baada ya hapo mazungumzo yalihama kutoka nani atasimamia shamba hadi nani amekuwa akilipalilia tangu babu afariki, na jibu la swali hilo kila mtu alilijua.

Nukuu nyingine inayotumika ovyo ni ile ya nia, sababu na uwezo. Siku hizi huwezi kuhudhuria kamati ya harusi bila mwenyekiti kusimama na kutangaza kwamba nia tunayo, sababu tunayo na uwezo tunao, kisha daftari la ahadi likaanza kuzunguka. Mwalimu alisema maneno hayo mapema Novemba 1978, alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera, na alikuwa anazungumzia kumpiga mvamizi. Uwezo ulikuwepo kweli, kwani Kampala ilianguka Aprili 1979, lakini ulilipiwa kwa roho za watu na kwa uchumi uliodhoofika, na vita vilipokwisha wananchi waliombwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Wanaoikumbuka miaka ile ya foleni za sukari na sabuni watakwambia kwamba mikanda haikulegea miezi hiyo ilipotimia. Kwa hiyo mwenyekiti wa kamati akinukuu maneno hayo, ni haki yako kuuliza kwa upole baada ya harusi mikanda itafungwa na nani, maharusi au wazazi.

Zipo pia nukuu ambazo ukizitazama zenyewe huoni kosa lolote, na hizo ndizo ninazoziogopa zaidi. Rais Daniel arap Moi wa Kenya alipenda kusema, "Siasa mbaya, maisha mabaya." Nani atabisha? Ila kwa miaka mingi ya utawala wake, tangu KANU ilipofanywa chama pekee kisheria mwaka 1982 hadi sheria hiyo ilipofutwa Desemba 1991, aliyekuwa na mamlaka ya kuamua siasa ipi ni mbaya ndiye huyo huyo msemaji. Msemo ukitoka kwa mwenye rungu, uliza kwanza nani anagawa maksi.

"Kila zama na kitabu chake" ya Mzee Ali Hassan Mwinyi imepata bahati mbaya ya aina nyingine. Mabosi wapya huitumia kufuta utaratibu mzuri walioukuta, na mabinti huitumia kuwanyamazisha mama zao. Ni msemo mzuri, lakini kitabu kipya nacho kisomwe kurasa zote. Zama za Mzee Mwinyi zilituletea bidhaa madukani, na pia Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, lililolegeza miiko iliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba ya kupangisha. Ukinukuu kufunguliwa kwa milango, taja na hilo.

Wanawake wa pwani wanayajua mambo haya bila kufundishwa na mwalimu wa uraia. Kanga iliyoandikwa "Wema hauozi" ikitoka kwa mama kwenda kwa binti yake ni baraka, na kanga hiyo hiyo ikitoka kwa jirani mliyegombana naye juzi ni kesi.

Katika daftari langu kila nukuu ina mwaka, mahali, wasikilizaji na jambo lililofuata. Picha ya kwenye simu isiyo na hata kimoja kati ya hivyo naiacha nje ya daftari, hata kama maneno yake ni matamu. Hotuba nyingi za viongozi wetu zimerekodiwa na zinapatikana mtandaoni, na kusikiliza nusu saa nzima kunafunza kuliko kusoma mistari miwili, kwa kuwa unasikia hata pale watu walipopiga makofi na pale walipokaa kimya.

Nukuu ninayoitumia zaidi nyumbani ni "Kupanga ni kuchagua", ya mwaka 1969, Mwalimu alipowaeleza wajumbe wa TANU Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Maelezo yake yalikuwa kwamba mambo yote yanayotakiwa ni mazuri, na kwa kuwa hayawezi kufanywa yote kwa wakati mmoja, baadhi ya mazuri hayo lazima yasubiri. Ndiyo maana Januari, mimi na mume wangu tunapoketi na karatasi ya ada, mbolea, bati za jiko na michango ya harusi, hatuandiki tu tulichokichagua. Tunaandika pia tulichokiacha, na mwezi ambao tutakirudia. Mwaka huu bati zimeandikiwa Agosti, baada ya mavuno, na kamati mbili za harusi zimekwisha kuambiwa kwamba nia tunayo.