Prosesa ya Marekani inazimika nikikanda unga wa mahamri

SWALI: Fundi, asalamu aleikum. Ndugu yangu aliyeko Marekani amenitumia prosesa, ile mashine ya jikoni ya kusaga na kukanda, aliyokuwa akiitumia, kubwa, bakuli la vikombe 14. Naitumia kwa transfoma. Vitunguu na tangawizi inasaga vizuri mno, lakini nikitia kilo moja ya unga wa mahamri, haipiti dakika mbili inazimika na chini inakuwa moto sana. Nikiiacha kama nusu saa inawaka tena. Fundi mmoja hapa ameniambia ndani mna kifaa kinachoikata. Akikitoa na kuunganisha waya moja kwa moja, haitazimika tena. Nimruhusu?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaikumu salamu, dada. Usimruhusu, tafadhali.

Kifaa anachotaka kukitoa kimewekwa pale makusudi, kikiegemea nyaya za mota. Ndani yake mna kibati cha metali mbili zilizoshikana, na kila moja hutanuka kwa kiasi chake. Joto likizidi, kibati hupinda na kukata umeme. Kikipoa hurudi mahali pake. Nyaya za shaba za mota hazina mpira kama waya wa plagi. Zimepakwa vanishi nyembamba tu, na hiyo ndiyo inayozizuia zisigusane. Vanishi ikiungua, mota inapiga shoti, na hapo unazungumzia kufunga mota upya, au moshi na moto jikoni. Mashine yako inazimika kwa sababu ni nzima na inajilinda.

Na ikizimika, zima swichi na uchomoe plagi kabla hujatia mkono kwenye bakuli. Mashine nyingine zikipoa huanza kuzunguka zenyewe ikiwa swichi imeachwa, na kile kisu hakichagui unga na vidole.

Sasa tutafute joto linatoka wapi. Umeme wetu ni volti 240, herzi 50 (herzi, au Hz, ni mara ngapi mkondo hupiga wimbi kwa sekunde). Wa Marekani ni volti 120, herzi 60. Transfoma inashusha volti, lakini herzi haizigusi. Pindua mashine usome kibandiko cha chini. Kikiandika 50/60 Hz, hapo hakuna tatizo. Kikiandika 60 Hz peke yake, na mota ni ile nzito ya mvumo wa chini isiyo na brashi za kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), basi hapa kwetu inazunguka polepole kwa kama sehemu moja ya sita: badala ya mizunguko 1,700 hivi kwa dakika, inapata kama 1,400. Inavuta umeme zaidi kuliko ilivyopangiwa na inapata moto hata kabla hujatia unga. Zile zinazopiga kelele kali, zenye brashi, hazijali sana herzi.

Transfoma yenyewe nayo naishuku. Watu hununua ya wati zilezile zilizoandikwa kwenye mashine, na hapo ndipo wanapokosea. Mota inapoanza, na inapokwama kwenye donge zito, huvuta umeme mwingi kuliko hesabu ya kibandiko. Transfoma ndogo ikizidiwa, volti zinashuka, na nguvu ya mota hizi hushuka haraka kuliko volti: ukipoteza volti kumi katika mia, umepoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu ya kuzungusha. Mota inahangaika, inazidi kupata moto. Kwa mashine ya wati 700, mimi ningeweka transfoma ya wati 1,500 au zaidi.

Kisha unga. Vikombe 14 ni ujazo wa bakuli, kama lita 3.3, si kipimo cha unga wa kukanda. Kilo moja ni kama vikombe vinane vya Kimarekani, na kwa mota iliyokwisha kupunguziwa nguvu ni mzigo mkubwa. Kanda nusu kilo. Changanya kwanza unga, sukari, iliki na hamira vikiwa vikavu, halafu mashine ikizunguka mimina tui kidogo kidogo. Likishakuwa donge linalofuata kisu, hesabu sekunde kama 45 uzime. Tui liwe la baridi, si la vuguvugu kama unapokanda kwa mkono, kwa sababu msuguano wa kisu unapasha unga wenyewe. Iache mashine ipoe kabla ya nusu kilo ya pili.

Nazi ikatekate vipande vidogo, saga na maji kidogo kidogo, kisha kamua kwa kifumbu kama kawaida. Kunde za bajia ziloweke mpaka zilainike ndipo uzisage. Kazi hizi haziichoshi.

Kwa kuwa mashine ilishatumika, kitazame kisu mwangani, hasa kando ya ribiti, zile pini za chuma zinazokishikilia. Desemba 2016 kampuni ya Cuisinart iliwataka wateja wa Marekani na Kanada waache kutumia visu vya ribiti vya prosesa zake takriban milioni 8, kwa kuwa vilikuwa vikipasuka na vipande vya chuma kuingia kwenye chakula. Ukiona ufa, wa kampuni yoyote ile, kisu hicho kitupe. Na kwa hewa ya chumvi ya Lamu, usiiweke mashine dirishani panapopiga kusi. Ifunike, na chini uipanguse kwa kitambaa kikavu.

Kama mahamri unayapika ya kuuza kila asubuhi, nunua mashine ya kukandia ya volti 240 na hii iachie viungo, nazi na kababu. Kama ni ya nyumbani, hii inatosha. Mwombe fundi wako, badala ya kukata nyaya, apime volti zinazotoka kwenye transfoma mara mbili: mashine ikiwa imezimwa, na ikiwa inakanda. Niletee namba hizo mbili pamoja na wati za kwenye kibandiko, nikuambie kama transfoma hiyo inafaa au ni ya kubadilisha.